Miongozo ya ranger na wenzake ituonyeshe sheli inapokea nini

Raha ya ranger, ile programu ya kupanga mafaili ndani ya terminali, ni makro zake, yaani vifupisho ambavyo inavigeuza kuwa majina ya mafaili au folda. Unaandika `:shell wc %f`, nayo inaweka jina la faili uliloliwekea kishale pale penye `%f`. `%s` ni mafaili uliyochagua, `%d` ni folda uliyomo. Mwongozo unayaeleza haya vizuri. Ukifika kwenye kukinga herufi maalumu (kama nafasi, ili zisivuruge amri), unasema tu kwamba kwa kawaida majina hukingwa kwa ajili ya sheli, ile programu inayosoma na kutekeleza amri, basi. Ni kweli, lakini haitoshi.

Chukua faili linaloitwa `Barua ya maombi.pdf`. Aliyezoea sheli ya Bash amefundishwa, tena kwa ukali, kuweka kila jina ndani ya alama za kunukuu. Akitaka kulinakili kwa amri ya cp, anaandika `:shell cp "%f" /tmp`. Kumbe ranger imeshalizungushia jina alama za `'`, kwa hiyo sheli inapokea `"'Barua ya maombi.pdf'"`. Ndani ya nukuu za `"`, alama ya `'` haikingi kitu. Inageuka sehemu ya jina. cp inatafuta faili lisilokuwepo, na mtu ameponzwa na uangalifu wake. 

Vifm, programu nyingine ya aina hii, nayo hukinga majina yenyewe. Ukihamia lf, ambayo ni ya aina hiyo pia, mambo yanageuka: jina linakaa kwenye kigeu cha sheli `$f` bila kinga yoyote, na ni juu yako kuandika `"$f"`. Desturi inayokuokoa huku inakuangusha kule.

Halafu kuna alama ya % yenyewe, ambayo ni suala la ranger, sheli haimo. Jaribu kuhifadhi nakala yenye tarehe kwa tar, amri ya kufungasha mafaili: `:shell tar czf nakala-$(date +%Y-%m-%d).tar.gz %s`. `%Y` na `%m` zinapita salama kwa kuwa si makro. `%d` inageuzwa kuwa njia nzima ya folda yako, na tar inalalamika. Dawa ni `%%d`. Walioitengeneza wanalijua hili fika: kwenye rc.conf, faili la mipangilio linalokuja na ranger, kitufe cha A cha kubadili jina kinageuza kila % ya jina kuwa `%%` kabla ya kufungua mstari wa amri. Maarifa hayo yamejificha ndani ya mipangilio, mahali ambapo mgeni hachunguzi.

Sihitaji aya ndefu za nadharia. Nataka kila mfano uwe na mistari miwili: ulichoandika, na kile sheli ilichopokea. Na jina la mfano liwe baya kwelikweli, kitu kama `Risiti 50% (Mei).pdf`. Miongozo iliyojaa `faili.txt` haimfundishi mtu chochote.

Lipo pia jina linaloanza na kistari, kwa mfano `-r.txt`. Hilo kukingwa hakulisaidii, maana kwa sheli kistari ni herufi ya kawaida. Rm, amri ya kufuta, ndiyo inayokisoma kama chaguo. `:shell rm -- %s` inamaliza hatari hiyo. Mfano huo ningeuweka wa kwanza, kabla hata ya orodha ya makro.