Zimebaki siku ngapi? Warumi na tarehe zao zinazorudi nyuma

Mwanafunzi wa Kilatini akikutana kwa mara ya kwanza na maandishi *a.d. III Kal. Apr.*, yaani "siku ya tatu kabla ya Kalendae za Aprili", hupiga hesabu ya haraka. Kalendae ni jina la Kirumi la tarehe mosi ya mwezi, kwa hiyo siku tatu kabla ya 1 Aprili ni 29 Machi. Amekosea. Ni 30 Machi, kwa kuwa Mrumi ameihesabu tarehe 1 yenyewe kuwa ya kwanza, 31 ya pili na 30 ya tatu. Akifika Januari anashangaa zaidi. Tarehe 14, siku moja tu baada ya Idus, siku ya katikati ya mwezi, inaandikwa "siku ya 19 kabla ya Kalendae za Februari". Nusu ya Januari haijaisha, na tarehe tayari imebeba jina la mwezi ujao.

Hapo ndipo hukumu inapotolewa: watu waliojenga barabara na mifereji ambayo mingine ingali imesimama, walishindwa kuhesabu moja hadi thelathini. Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi, na kila mara naona inafunga mashtaka mawili katika furushi moja. La kwanza ni kwamba Warumi walihesabu kurudi nyuma. La pili ni kwamba walihesabu ncha zote mbili, ya kuanzia na ya kuishia. Haya si mamoja, na hayana uzito sawa.

Tuanze na la kwanza. Anayeuliza "leo tarehe ngapi?" anataka kujua tumefika wapi. Tarehe ya Kirumi inajibu swali jingine: zimebaki siku ngapi? Swali hilo tunalo sisi wenyewe. Shaabani ikielekea ukingoni, watu barazani hawataji tarehe, wanasema zimebaki siku tano tufunge. Mpangaji ambaye hana kodi mkononi anaweza asijue kama leo ni tarehe 22 au 23, lakini siku zilizobaki hadi mwisho wa mwezi anazijua vizuri sana. Mwenye jambo la kungoja huhesabu kulielekea jambo lile.

Na Warumi walikuwa na mambo ya kungoja. Kwa mapokeo yao wenyewe, kalenda yao ya kale ilifuata mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, kuhani aliwaita watu kwenye kilima cha Capitolium na kuwatangazia kwa sauti kama Nonae, siku yenye jina iliyo kati ya Kalendae na Idus, zitakuwa siku ya tano au ya saba. Jina Kalendae lenyewe linatokana na *calare*, kuita kwa kutangaza. Siku ya Nonae watu wa mashamba waliingia mjini kusikia sikukuu za mwezi ule, na Idus ilikuwa ndiyo mwezi mpevu. Aliyewahi kukesha akisubiri tangazo la mwandamo hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Mkulima yule hakuwa na kazi na namba thelathini. Alikuwa na nguzo tatu, Kalendae, Nonae na Idus, akataka kujua yuko mbali kiasi gani na nguzo inayofuata.

Mwezi wa angani ulipoachwa, nguzo zilibaki kwa sababu ya fedha. Riba ililipwa siku ya Kalendae, na daftari la wadaiwa likaitwa *kalendarium*, neno lile lile ambalo limetufikia sisi likiwa kalenda. Kwa mdaiwa, "siku ya nne kabla ya Kalendae za Aprili" haikuwa namba tupu. Ilikuwa muda wake uliosalia. Andika 29 Machi, na itambidi akumbuke Machi ina siku ngapi kisha atoe mwenyewe.

Wanaoulaumu mtindo huu wana hoja, na hoja yao bora haihusu ugumu wa hesabu. Inahusu hili: huwezi kupima umbali hadi mahali ambapo hapajawekwa bado. Kabla ya mageuzi ya kalenda yaliyofanywa na Julius Caesar, mtawala wa Roma, makuhani ndio walioamua kama mwaka utachomekewa mwezi wa ziada, na mwezi huo ulipoingizwa, Februari ilikatwa. Mwaka 50 KK Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alikuwa gavana wa Kilikia, kusini mwa Uturuki ya leo, mbali na Roma, na habari ya uamuzi wa makuhani ilikuwa haijamfikia. Basi alipomjulisha rafiki yake Atticus kwamba amepokea barua yake, aliandika kuwa ilimfikia "siku ya tano kabla ya Terminalia", sikukuu ya 23 Februari. Kalendae za Machi zilikuwa hazishikiki, akatafuta nguzo iliyo karibu zaidi.

Hata urefu wa miezi ulipotengenezwa, tatizo lilibisha hodi kwa mlango mwingine. Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, alizaliwa 23 Septemba mwaka 63 KK. Wakati huo Septemba ilikuwa na siku 29, kwa hiyo siku yake iliitwa ya nane kabla ya Kalendae za Oktoba. Caesar akaiongezea Septemba siku moja. Ghafla ya nane ikawa tarehe 24, na 23 ikawa ya tisa. Je, mtu ashike jina la siku aliyozaliwa au ashike siku yenyewe? Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anataja ya tisa, lakini pia anaandika kwamba tabaka la wapanda farasi waliiadhimisha kwa siku mbili, na wapo wachambuzi wanaouhusisha uwili huo na utata huu. Hapa nakubali kabisa: mtindo wetu wa kuhesabu kwenda mbele usingeitikisa siku hiyo hata kidogo.

Lakini hasara iliyonishughulisha zaidi kuliko zote haikutoka huko. Ilitoka kwenye shtaka la pili, la ncha mbili. Soko la Warumi lilikuwa kila baada ya siku nane, nao wakaliita *nundinae*, la siku ya tisa, kwa kuwa soko lililopita nalo limo katika hesabu. Mkristo anayekiri kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu, kutoka Ijumaa hadi Jumapili, anatumia hesabu hiyo hiyo bila kukwazika. Ni hesabu halali, ilimradi anayesema na anayesikia wawe wanahesabu namna moja.

Caesar aliagiza siku ya ziada iongezwe kila mwaka wa nne. Mshauri wake, Sosigenes, alikusudia mwaka wa siku 365 na robo, yaani robo nne zikamilike ndipo siku iongezwe. Makuhani wakaisoma amri kama walivyolisoma soko. Mwaka mrefu uliopita ni wa kwanza, unafuata wa pili, wa tatu, na wa nne ndio huu, ongeza siku. Macrobius, aliyeandika karne ya 5, anasema waliongeza mwaka wa nne ulipoanza badala ya ulipokwisha. Kwa hesabu yetu ilikuwa kila miaka mitatu. Mwenye amri alikuwa ameshauawa, siku ya Idus za Machi mwaka 44 KK, hakuna wa kuulizwa. Kosa likaenda miaka 36: siku 12 zikaongezwa mahali pa 9. Augustus akaamuru miaka 12 ipite bila mwaka mrefu hata mmoja, ili zile siku tatu zimezwe.

Naifikiria sana miaka hiyo 36. Makuhani hawakuwa wavivu, wala hawakuihujumu amri. Waliitekeleza kwa uaminifu, kwa namna ya kuhesabu waliyoirithi, na ndiyo maana hakuna aliyestuka mapema. Kuhesabu kurudi nyuma hakukuwa na mkono katika kosa hilo. Siku yenyewe ya ziada iliwekwa bila taabu kwa kuirudia siku ya sita kabla ya Kalendae za Machi, *bis sextus*, na hadi leo Wafaransa huuita mwaka mrefu *bissextile*.

Kanisa liliendelea na tarehe hizi kwa karne nyingi baada ya dola kuanguka. Tangazo la Noeli kwa Kilatini bado linaanza *Octavo Kalendas Ianuarii*, siku ya nane kabla ya Kalendae za Januari. Anza 1 Januari, rudi nyuma, na kidole cha nane kitagusa 25 Desemba. Halafu anza Noeli kwenda mbele, kama wanavyofanya Wakatoliki wanapohesabu Oktava yake: siku ya nane ni 1 Januari.