Geuza Kamera Uitazame Nyumba

Picha ya Fountains Abbey, magofu ya abasia (nyumba ya watawa) kaskazini mwa Uingereza, huenda unaijua hata kama hujakanyaga North Yorkshire. Mnara mrefu wa mawe, kanisa lisilo na paa, majani mabichi kama zulia, mto mdogo kando, na hakuna mtu hata mmoja. Mimi ninayo. Niliipiga mara kumi na moja kwa siku moja, na zote kumi na moja ni picha ya mtu mwingine. Huyo mtu nitamfikia.

Tulikwenda mwishoni mwa Februari, mimi na shemeji yangu anayeishi Leeds. Treni ya abiria haifiki Ripon, mji wa jirani, tangu 1967, kwa hiyo ni basi namba 36 kupitia Harrogate, halafu teksi ya kilomita tano hivi. Dereva akatushusha lango la magharibi. Wageni wengi huingilia upande wa juu, penye jengo la mapokezi, wakateremka bondeni na kutokea kwenye magofu simu zikiwa tayari mkononi. Sisi tulikutana na nyumba kwanza.

Inaitwa Fountains Hall. Ni jumba la kimwinyi hasa: ghorofa za mawe zilizopandana na mteremko wa kilima nyuma yake, madirisha makubwa yaliyogawanywa kwa vipande vya mawe, minara miwili imesimama kulia na kushoto kama walinzi. Uso wake unatazama kusini, na jua la Februari huko halipandi juu, linapita pembeni. Kila dirisha lilikuwa na kivuli chake. Mpiga picha hapati zawadi kama hiyo kila siku.

Shemeji akasimama. "Shem, hii mbona huipigi?"

"Nahifadhi betri. Magofu yako mbele."

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekataa chai. Tukapita.

Sasa niseme nilikotoka, maana ndiko kulikonifanya nigeuke baadaye. Nimekulia karibu na Ndanda. Kwa asiyejua kusini ya Tanzania, Ndanda ni abasia ya Wabenedikto iliyoanza 1906, baada ya misheni za Nyangao na Lukuledi kuchomwa wakati wa Maji Maji. Kwetu neno abasia halikuleta mawazo ya ukungu na kunguru. Lilileta hospitali, karakana, mashine ya kuchapa vitabu, kengele, na bruda mzee wa Kijerumani mwenye grisi hadi viwikoni. Baba yangu alijifunza uashi kwa hao mabruda, na hadi leo ukimtajia mtawa, anachouliza kwanza ni fundi wa nini.

Kwa hiyo nilipoingia kwenye lile ghala refu la Fountains, nilishindwa kunong'ona. Watu wote humo wananong'ona. Lina urefu wa kama mita 90, safu moja ya nguzo katikati, na kutoka kila nguzo dari inachanua matao kama mwavuli. Siku hizi wenyeji wake ni popo. Lakini halikuwa kanisa! Chini palikuwa na stoo na bwalo la kulia mabruda, juu bweni lao, na hao ndio waliochunga kondoo, waliolima, waliobeba. Bila shaka palinuka uji na watu waliotoka zizini. Hatua chache kutoka hapo kuna kinu cha kusagia nafaka cha karne ya 12, kimesimama na paa lake, na nusu ya wageni wanakipita kama nilivyoipita nyumba.

Waanzilishi walikuwa 13. Mwaka 1132 walitoka abasia ya St Mary's mjini York, wakilalamika kwamba Wabenedikto wenzao pale wamelegea, na askofu mkuu Thurstan akawapa bonde hili la mto Skell, ambalo wakati huo lilikuwa pori. Inasimuliwa kwamba baridi ya kwanza waliipitisha chini ya miti. Baadaye wakajiunga na Wasisitersia, waliotaka kuishi kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa ukali wake wa awali, na ukali huo, kama kawaida ya watu wanaofanya kazi sana na kutumia kidogo, ukawatajirisha. Sufu yao ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Italia. Ule mnara ambao sote tunaupiga picha aliujenga abate Marmaduke Huby karibu na mwaka 1500, na sidhani kama wale 13 wa chini ya miti wangemwelewa.

Betri ilikufa ndani ya ghala. Baridi ya Yorkshire hula betri, na mimi niliiacha ya akiba kwenye chaji nyumbani kwa shemeji. Kosa langu mwenyewe, na nililisikia hadi basi la kurudi.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshapanda hadi mahali panapoitwa kiti cha Anne Boleyn, na hapa ndipo anapoingia mwenye picha.

Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba za watawa za Uingereza kati ya 1536 na 1540. Zamu ya Fountains ilifika Novemba 1539. Abate aliyemtangulia yule wa mwisho alikuwa ameshanyongwa London miaka miwili nyuma. Madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yaling'olewa, vioo vikatolewa, na 1540 mahali pote pakauzwa kwa mfanyabiashara wa London, Richard Gresham. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, 1767, mtu aitwaye William Aislabie akainunua abasia na nyumba yake kwa pauni 18,000. Hakuwa na shida na sala wala sufu. Baba yake, John, alikuwa ametengeneza bustani maarufu ya maji chini zaidi ya bonde, kwenye shamba la Studley Royal, na mwana alihitaji kitu cha kuimalizia. Akanunua magofu kama mtu anunuavyo kioo cha sebuleni.

Njia ikapitishwa juu kilimani. Mgeni anatembea kati ya miti bila kuona kitu, anafika kwenye kibanda, ndicho hicho kiti cha Anne Boleyn, mara mbele yake bonde linafunguka: maji, majani, na mwishoni kabisa abasia. Wenyewe wanaita mandhari ya kushtukiza. Mwonekano huo ulipangwa kabla kamera haijavumbuliwa. Pa kusimama palichaguliwa, miti ikafyekwa kwa vipimo, magofu yakasafishwa yakae kipicha. Kwa hiyo mimi na wewe tukifika pale na kubonyeza, tunabonyeza kwa niaba ya marehemu. Jicho ni la bwana Aislabie, kidole tu ndicho chetu.

Na fedha? John Aislabie alikuwa waziri wa fedha wa Uingereza wakati Kampuni ya South Sea ilipoporomoka 1720. Mwaka uliofuata alifukuzwa bungeni kwa rushwa ya hisa na kufungwa Tower of London, kisha akarudi kwenye bustani yake. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika watumwa katika makoloni ya Hispania. Nilisimama pale na kamera yangu nikiujua mkataba huo, na bado nikabonyeza mara kumi na moja. Mandhari ni nzuri. Siwezi kujifanya sikuiona.

Tukiwa tunarudi lango la magharibi ndipo nilipoitazama nyumba. Sikuwa na kamera tena, na mtu asiye na kamera huanza kuona.

Stephen Proctor aliijenga kati ya 1598 na 1604. Mawe yake mengine yalitoka kwenye abasia. Hilo halifichwi, lipo kwenye vibao vya maelezo, lakini kusoma na kuona ni vitu viwili. Ukisogea ukutani unaanza kujiuliza: hiki kipande kilichochongwa vizuri namna hii, kilichongwa kwa ajili ya ukuta huu kweli? Mtu anayehitaji mawe elfu kadhaa yaliyokwisha kuchongwa, na dakika chache tu kutoka kiwanja chake kuna machimbo yasiyo na mwenyewe wa kulia, afanyeje? Alifanya kile ambacho mwashi yeyote angefanya. Na Proctor hakuwa na huzuni ya kumzuia. Alikuwa Mprotestanti mkali, mtu wa kuwaandama Wakatoliki wa eneo hilo waliokataa dini ya serikali. Mchana aliwasaka Wakatoliki, usiku akalala katikati ya mawe yao. Ndani, juu ya meko ya ukumbi mkubwa, alichongesha hukumu ya Suleimani: yule mtoto anayegombewa na wanawake wawili, upanga umeshainuliwa. Katika nyumba iliyojengwa kwa kukatakata nyingine! Sijui kama aliwahi kucheka mwenyewe alipoiangalia, lakini mimi nilicheka, na mlinzi wa chumba akanitupia jicho.

Maoni yangu basi ni haya, na najua wapenda magofu watanikasirikia. Ukienda Fountains, nyumba ndiyo picha. Magofu yameshapigwa, yamepangwa, yamepambwa kwa ajili yako tangu karne ya 18, na yamefundishwa kutosema lolote isipokuwa "tazama yote yanavyopita". Nyumba inasema yalikwenda wapi. Inaonyesha kwamba kanisa halikuanguka lenyewe kwa uzee na mvua. Lilibomolewa, likauzwa, likabebwa kwa mikokoteni, likawa ngazi na pembe za madirisha ya mtu mwenye jina. Hata sasa sehemu ya jumba hilo hukodishwa kwa wanaotaka kulala siku chache za mapumziko, nami sioni ubaya. Angalau jengo linafanya kazi.

Shemeji hakukubaliana nami. Yeye ni muuguzi, akitoka zamu anataka majani na kimya, na kwake magofu ni dawa. "Wewe unataka kila jiwe liungame," aliniambia. Nikanyamaza, maana simu niliyotaka kuazima nipigie picha ilikuwa yake.

Kilwa Kisiwani tumezoea vingine, na nadhani tumezoea vizuri. Ukishuka jahazini unakutana na Gereza, ngome ya Waomani yenye kipande cha ngome ya Wareno ya 1505 tumboni mwake, na ni mshono huo unaoifanya itazamike. Hakuna anayeona kwamba kazi ya aliyekuja baadaye imeharibu picha. Ila tunakosea upande mwingine: tukikuta jiwe la zamani kwenye msingi wa nyumba ya mkulima, tunaita uharibifu na kumaliza mazungumzo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na ni halali iwepo, sitaki kesho mtu aende na toroli kwenye magofu ya Songo Mnara. Nasema tu kwamba Proctor naye alifanya hivyohivyo, ikapita miaka mia nne, na sasa kuta zake zinalindwa kwa sheria na ziko ndani ya eneo la urithi wa dunia tangu 1986.

Kuna jambo jingine linalonifanya niamini kwamba kamera na nyumba za namna hii ni ndugu. Kusini zaidi, Wiltshire, kuna Lacock Abbey. Ilikuwa ya masista, ikafungwa mwaka uleule wa 1539, na mnunuzi akaigeuza makazi bila hata kubomoa ua wa ndani walikokuwa wakitembea wakisali. Mwenye nyumba wa karne ya 19, William Henry Fox Talbot, mwaka 1835 alielekeza kisanduku kidogo kwenye dirisha la nyumba yake na kupata negativu ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani, karatasi yenye ukubwa wa stempu tu. Angeweza kuanzia popote. Akaanzia na dirisha la nyumba iliyokuwa nyumba ya watawa.

Basi nikaomba simu ya shemeji, yenye kioo kilichopasuka kona moja, nikapiga ukuta. Nilikaribia hadi jumba likapotea, yakabaki mawe sita au saba, alama za patasi na kamstari ka ukoga. Jua lilikuwa linaondoka na maua meupe madogo yanayotangulia mwisho wa baridi huko yalikuwa yameanza kufumba. Nilijaribu pia kuipata nyumba na mnara kwenye fremu moja. Nilirudi nyuma, nikapanda ukingo, nikainama, miti ikanikatalia. Nina picha tano za matawi.

Usiku ule nilimtumia baba mbili: ile ya kilimani, na ile ya ukuta. Ya kilimani alijibu kwa kidole gumba. Kwa ya ukuta alipiga simu, ingawa Ndanda ilikuwa karibu saa tano usiku. Nilimsikia akiivuta miwani na kuikuza picha.

"Hili la kulia, la pili kutoka chini," akasema. "Aliyelichonga hakuwa analichongea hapa. Ona huu mfuo, umekatwa katikati. Lilitakiwa liendelee."