Viti Viwili vya Nyuma

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwa muda wa wiki tatu niliwahi pia kuwa mthamini wa magari ya kale. Cheo hicho cha pili sikupewa na mtu. Nilijipa mwenyewe usiku mmoja wa Februari 2020, baada ya kusoma kwamba mwezi uliotangulia Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule. Usingizi uliniruka, kwa sababu nilijua ilipo Datsun nyingine ya aina hiyo: Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, nyuma ya nyumba ya marehemu mjomba wangu, chini ya paa la makuti, na ndani yake walikuwa wakilala kuku.

Mjomba alituambia tangu tungali wadogo kwamba gari lake lilikuwa ndugu wa lile lililoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, naye Hans Schüller akiwa ubavuni pake akimsomea njia. Gari lenyewe la ushindi lilirudi Japani na limehifadhiwa na Nissan, kampuni iliyounda Datsun, kwa hiyo hata mjomba hakuthubutu kudai kwamba ndilo hilo. Lakini la kwake lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi vivyo hivyo, na lilikuwa na nembo ya 240Z. Kwamba rangi ile ilipakwa kwa brashi ya milango, na kwamba nembo ilishikizwa kwa skrubu za kitasa, ni mambo niliyoyaona siku ya kwanza kabisa, nikayaandika katika daftari langu chini ya kichwa kisemacho "Historia ya Gari".

Sikuwa mjinga wa kazi ile; nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba gari la kale halipimwi kwa bei anayoitamani muuzaji bali kwa bei ambazo magari ya hali kama yake yameuzwa kweli, kwamba mnunuzi hutaka injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na kwamba Datsun hizi huliwa na kutu sakafuni na chini ya betri, ndiyo maana mthamini hupitisha sumaku juu ya bodi ili ajue palipo bati na palipo filla, ule mchanganyiko wa kuzibia matundu ya bodi. Nilibandua sumaku kwenye friji ya mke wangu, yenye umbo la nanasi, nikavuka nayo feri. Niliiweka kwenye mlango wa kushoto, ikaanguka. Niliiweka kwenye mlango wa kulia, ikaanguka. Ilipoanguka mara ya tano nilihitimisha kwamba sumaku za siku hizi hazina nguvu, na hitimisho hilo lilitetereka kidogo tu nilipofika karibu na gurudumu la nyuma, ambapo nanasi liling'ang'ania kwa nguvu zote kwenye kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichopigiliwa kuziba tundu.

Kwenye injini nilisoma L, kisha 2, na tarakimu ya tatu ilikuwa imezama katika grisi. Kwa kuwa injini ya 240Z huitwa L24, nikaimalizia mwenyewe. Namba ya chesisi ilikuwa imefunikwa na ile rangi ya brashi, nami nilikataa kuikwangua nikisema kwamba rangi ya asili haichezewi. Vikabaki viti. Nilijua fika kwamba 240Z ina viti viwili tu, na hii ilikuwa na vingine viwili vidogo nyuma, vyenye mayai. Nilisimama hapo kwa muda, nikakumbuka kwamba mjomba alikuwa na watoto sita, nikaandika: "Viti vimeongezwa na mwenye gari kwa sababu za kifamilia."

Kwa unyenyekevu niligawanya bei ya Marekani kwa mbili, nikamtangazia mkaza mjomba shilingi milioni 15, na ujira wangu asilimia 10. Alipiga vigelegele, akachinja kuku wawili kati ya wale wapangaji, akapika pilau. Kwa amri yangu waliosalia walihamishwa, wakajengewa banda jipya la mbao, na akaajiriwa askari wa kulilinda gari usiku. Nami niliandika Nairobi kutafuta mnunuzi, akapatikana, akamtanguliza fundi wake.

Fundi alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilizunguka gari mara moja tu, akachungulia ndani, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, katika Safari ile walikuwamo Herrmann na Schüller. Hawa wawili wa nyuma walikuwa akina nani?"

Nilimweleza habari za watoto sita. Aliitikia kwa kichwa, akatoa tepu, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, akapata sentimita 260. Ya 240Z, alisema, ni 230 na nusu. "Na hizi thelathini nazo, mjomba wako aliziongeza kwa ajili ya watoto?"

Kisha alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua, na chini ya ile rangi ya asili zikatokea herufi GRS30. Namba ya 240Z yenye usukani wa kulia huanza kwa HS30; hii ilikuwa 260Z ya viti vinne, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1974, miaka mitatu baada ya Herrmann kubeba kombe lake, na wapenzi wa magari haya huilipia kidogo mno kuliko ile ya viti viwili hata inapong'aa. Hii haikung'aa. Mzee aliibonyeza sakafu kwa kidole gumba, na kidole kikatokea upande wa pili kuisalimu ardhi. Grisi ilipofutwa, injini ikasomeka L26.

"Basi ni bei gani?" aliuliza mkaza mjomba, akimtazama fundi na si mimi.

"Elfu 80, mama, kwa injini na giaboksi. Bodi bakini nayo."

Alikubali, akaniomba daftari langu, akapiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho. Ujira wangu wa asilimia 10 ulikuwa 8,000. Akatoa mshahara wa askari wa wiki tatu, mbao, misumari, kuku wawili na mchele wa pilau, ikaonekana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa. Niliikagua hesabu hiyo mara tatu, kama nifanyavyo kwa mtihani, na haikuwa na kosa hata moja.

Banda jipya kuku walilikataa. Wamerudi garini, na jogoo amechagua kiti cha nyuma.