Kuchangia kontena au kuagiza kwa jina lako: nafuu iko wapi hasa?

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayenunua Guangzhou au Yiwu, China, ana njia kuu mbili za kuleta mzigo kwa meli. Anaweza kuukabidhi kwa kampuni ya kargo inayochanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja na kutoza bei moja kwa kila CBM (mita ya ujazo), ushuru ukiwa humo humo. Au aagize kwa jina lake: BL yake (hati ya shehena ya meli), TIN yake (namba ya mlipakodi), wakala wake wa forodha. Wengi huangalia tu ipi inamtoa hela kidogo siku ya kuchukua mzigo, na hapo kargo hushinda.

Ushindi huo kwa mzigo mdogo ni halali. Katoni ya sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni CBM 0.12, kwa hiyo katoni 25 ni CBM 3. Ukizileta peke yako, ada ya wakala, ya hati ya kuchukulia mzigo na ya kufungua kontena ICD (bandari kavu) hazipungui kwa kuwa mzigo ni kidogo. Kuna pia mtego wa nauli: msafirishaji wa China anakutajia nauli ya bahari iliyo karibu na bure, halafu tozo zote unazikuta Dar. Bei ya kargo angalau unaijua mapema. Ila kwa vitu vizito kama vigae na vipuri uliza kwanza, maana tani moja ikitangulia kabla ya CBM moja kujaa, utatozwa kwa uzito.

Tatizo liko kwenye karatasi. Chukua mzigo ambao thamani yake pamoja na bima na nauli hadi Dar ni shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye milioni 20 bali kwenye milioni 25 (thamani pamoja na ushuru), yaani milioni 4.5, tozo nyingine tukiziacha kando. Ukiuza mzigo huo kwa milioni 32 kabla ya VAT, unakusanya VAT ya milioni 5.76. Mwenye TANSAD (hati ya tamko la forodha) yenye TIN yake anakata 4.5 na kupeleka TRA milioni 1.26. Aliyechangia kontena hana TANSAD kwa jina lake, kwa hiyo hana cha kukata, anapeleka 5.76 yote. Hapo bei ya kargo ingepaswa kuwa chini ya gharama yote ya kuagiza kwa jina lako kwa milioni 4.5 ndipo walingane. Mkaguzi naye akitaka ushahidi wa gharama ya manunuzi, risiti ya CBM inaonyesha usafirishaji tu.

Ambaye hajasajiliwa VAT (tangu Julai 2023 kiwango ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka) hapotezi hiyo 4.5, kwa kuwa VAT kwake ni gharama kwa njia yoyote. Kwake kargo bado ina mantiki, na simlaumu.

Kuagiza kwa jina lako nako kuna miiba. Forodha ikiona ankara yako iko chini mno inaweza kuikataa na kutumia thamani ya bidhaa zinazofanana. HS code (namba ya kundi la bidhaa inayoamua ushuru) ikikosewa, bidhaa uliyoipigia hesabu ya asilimia 25 yaweza kuangukia 35. Bidhaa zinazotakiwa kukaguliwa chini ya PVoC, mpango wa ukaguzi wa viwango wa TBS (Shirika la Viwango), hukaguliwa kabla ya kupakiwa. Ukikumbuka meli ikiwa baharini umechelewa, na siku za bure za kuhifadhi mzigo zinakwisha ukihangaika.

Njia ya kati ipo: kampuni ya kargo inayotoa BL ndogo kwa kila mteja ndani ya kontena hilo hilo. Jina lako linaingia kwenye manifesti (orodha ya shehena ya meli), wakala wako anatoa TANSAD yako, na kontena likishafunguliwa ICD, kasoro kwenye nyaraka za jirani haikuzuii kutoa mzigo wako. Kwenye BL moja ya wote, katoni moja ya mtu iliyofichwa bidhaa inaweza kushikilia kontena zima. Utalipa zaidi kwa CBM, na swali hilo liulizwe kabla mzigo haujaingia ghala la China, kwa sababu BL ikishatoka kwa jina la kampuni ya kargo, kuibadilisha Dar ni gharama nyingine.