Ziwa liko Finland, mlango uko Urusi

Kwenye ramani, Ziwa Inari kaskazini ya mbali ya Finland hufanana na kioo kilichodondoka kikavunjika: visiwa zaidi ya 3,000 katika maji ya kilomita za mraba zaidi ya 1,000, na pembeni kote misonobari. Ukilitazama hivyo hudhani kama ziwa hilo lina mlango. Linao, tena mlango wenyewe umeshikwa na nchi nyingine.

Mito inayoingia ni mingi, Ivalojoki ukiwa miongoni mwa mikubwa. Unaotoka ni mmoja tu, Paatsjoki, unaopita Urusi, ukawa mpaka wa Urusi na Norway kwa sehemu kubwa, kisha ukamwaga maji yake Bahari ya Barents. Mwaka 1947 Finland iliuza kwa Umoja wa Kisovieti kipande cha ardhi cha Jäniskoski na Niskakoski, palepale mto unapoanzia. Mwaka 1959 nchi hizo tatu zikatia saini mkataba: bwawa la Kaitakoski lidhibiti ziwa, na maji yawe kati ya mita 115.67 na 118.03 juu ya usawa wa bahari. Yaani mita 2.36 za kuchezea.

Wanaolitetea bwawa wana hoja, na si ndogo. Kwenye mto huo, baada ya ziwa, kuna vituo saba vya umeme, vitano vya Urusi na viwili vya Norway. Theluji ya huko huyeyuka karibu kwa mkupuo, Mei na Juni. Pasipo ghala la kuyahifadhi, maji mengi yangepita bure, na msimu wa baridi, umeme unapohitajika zaidi, mto ungekuwa umekonda. Mahali pengine ghala kama hilo limepatikana kwa kuzamisha bonde zima pamoja na miti yake. Hapa bonde lilikuwa limeshajaa tangu enzi za barafu. Ukuta wa kiasi ukatosha. Na mkataba umedumu hata baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika.

Wanaolalamika, kwa maoni yangu, huanza vibaya wanapozishikia bango hizo mita 2.36. Ziwa lolote hupanda na kushuka. Kilichoharibika ni majira. Kwa asili yake ziwa hufika juu mwanzoni mwa msimu wa joto, kisha hupungua taratibu. Bwawa huyashikilia maji yakiwa juu hadi majira ya mapukutiko, wakati ambao dhoruba huvuma na mawimbi hupiga ukingo. Kwenye mwamba, na mwamba ni mwingi Inari, hakuna neno. Kwenye mchanga, ukingo humegeka na miti hubaki mizizi nje.

Halafu huja baridi. Wapo samaki wa jamii ya samoni wanaotaga kwenye maji ya kina kifupi kabla ya barafu kuganda. Maji yakivutwa kwenda mitamboni, barafu hushuka nayo hadi ikalala juu ya mayai. Serikali ya Finland hupandikiza samaki ziwani kufidia. Hatua njema, ila nani hulipa fidia pasipo hasara? Wasami, wenyeji asilia wa kaskazini hiyo, walivua hapa kabla ya mtambo wowote kuzunguka, na Finland yenyewe haina hata kituo kimoja kwenye Paatsjoki.

Kuubomoa ukuta leo ni ndoto, wala sioni faida yake. Cha kujadili ni kalenda: maji yaanze kushushwa kabla ya dhoruba, na yasivutwe sana barafu ikishaganda. Hilo halihitaji zege jipya, linahitaji nchi tatu kukaa mezani. Ugumu ni kwamba umeme utakaopungua Januari ni wa Urusi na Norway, ilhali mchanga utakaopona ni wa Finland.