Alama zetu za vidole ziko wapi?

Kitambulisho kipya tena, hiki cha Maisha Namba? Jamani, tena? Si 2019 tu Wakenya tulipanga foleni za Huduma Namba, ule usajili wa serikali wa alama za vidole, tangu alfajiri, wazee na mikongojo yao, akina mama na watoto mgongoni? Mbele yangu alikuwapo mama mmoja, mashine ikakataa vidole vyake. Akafuta mikono kwa leso, akabonyeza. Wapi! Akabonyeza tena, wapi! Karani akamwambia arudi kesho. Mtu anayefua nguo za watu kutwa nzima, vidole vyake kesho vitakuwa vipya?

Tukaambiwa namba moja itamaliza yote. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanya DNA na kutaka ulinzi wa data uwekwe kwanza. Oktoba 2021 ikasema kadi za Huduma zimetolewa kinyume cha sheria. Halafu 2023, hiyoo, Maisha Namba na kadi yake ya chipu!

Kitambulisho sikipingi hata kidogo. Bila kipande Kenya hii utasajili laini gani, utafungua akaunti ipi? Ndiyo maana inaniuma kijana Mnubi wa Kibra, Nairobi, aliyezaliwa hapa, baba hapa, babu hapa, alivyokuwa akiitwa mbele ya kamati athibitishe Ukenya wake, na mwenzake wa dawati moja kashachukua chake zamani. Serikali, mnamletea habari za chipu mtu ambaye hata kile cha kawaida mlimsumbua nacho miaka?

Mpeni hicho kwanza. Na zile alama tulizobonyeza 2019, nani anazo?