Marvel na DC, acheni kutuulia maadui

Kwenye vibanda umiza sheria ilikuwa moja, stelingi hafi, na adui lazima afe mwishoni, tena afe vibaya watu washangilie ndo wainuke. Kwa muvi za Van Damme na Schwarzenegger ilikuwa inanoga kwa sababu yule adui hata jina lake ulikuwa hulijui na wala huna haja ya kumuona tena. Shida inaanza pale Hollywood wanapomtendea hivyohivyo mtu aliyetoka kwenye komiki, vile vitabu vya katuni vya kampuni za Marvel na DC, mtu ambaye kaishi miaka hamsini sitini akipigwa, akifungwa, akitoroka, akirudi na mpango mwingine, halafu anakuja dairekta mmoja anammaliza kwa saa mbili na robo.

Joker mwenyewe, adui mkubwa wa Batman, aliponea chupuchupu. Alitokea 1940 kwenye toleo la kwanza la Batman na mpango ulikuwa afe humohumo, alishachomwa na kisu chake mwenyewe na kila kitu, ndo mhariri Whitney Ellsworth akasema hapana, huyu asife, wakaongeza kipicha kimoja cha haraka cha kuonyesha jamaa atapona. Kipicha kimoja tu aisee. Bila hicho hamna Joker, mnabaki na Pengwini na mwavuli wake. Na bado kwenye muvi ya Batman ya 1989 Joker wa Jack Nicholson wakamdondosha kutoka juu ya kanisa, kwisha habari. Dairekta Christopher Nolan ndo alielewa, kwenye muvi yake ya 2008 Batman anamdaka Joker asife na kumwacha ananing'inia kichwa chini anacheka, na Heath Ledger aliyemcheza alikuwa ameshafariki Januari ya mwaka huohuo kabla muvi haijatoka, lakini Joker wake hakufa.

Ninachosema mimi ni kwamba adui mzuri hazaliwi akiwa mzuri, anapikwa na muda. Mchukue Magneto, adui wa X-Men, yule anayepinda chuma bila kukigusa. Anaanza 1963, X-Men namba moja, na kusema ukweli pale alikuwa jamaa wa kofia ya chuma anayepiga kelele anataka kutawala dunia, basi. Mpaka 1981, miaka 18 baadaye, ndo mwandishi Chris Claremont anakuja kutuambia huyu mtu utoto wake ulipita Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na ghafla kila alichowahi kusema kuhusu binadamu unaanza kukielewa hata kama hukubaliani naye. Sasa piga hesabu, wangekuwa wamemuua 1963 tungeyapata wapi haya? Na muvi ya X-Men ya 2000 inaanzia hapohapo, mtoto anatenganishwa na wazazi wake na geti la chuma linaanza kupinda, afu mwishoni hawamuui, wanamfunga kwenye jela ya plastiki anacheza chesi na Xavier, kiongozi wa X-Men. Ndo maana Magneto wa Ian McKellen na yule wa Fassbender tumeishi nao miaka karibu ishirini, na kuna muvi za X-Men mbovu kabisa ambazo niliangalia kwa sababu yake tu.

Mr. Freeze, adui mwingine wa Batman, hivyohivyo. Alianza 1959, hata jina hilo alikuwa bado hana, jamaa wa bunduki ya barafu asiye na mbele wala nyuma, mpaka 1992 katuni ya Batman ya kwenye TV ikampa mke, Nora, mgonjwa amegandishwa akisubiri dawa. Miaka 33! Halafu 1997 wakampa Schwarzenegger huyohuyo, akashinda muvi nzima anatupa vichekesho vya baridi. Angalau hawakumuua.

Sasa tuje kwenye kidonda, Killmonger, adui wa Black Panther. Huyu katoka kwenye komiki za 1973 za Don McGregor, na kule kafa na kufufuka maana vita yake na T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, haiishi kwa pigo moja. Kwenye muvi ya 2018 wakampa kitu kizito zaidi, baba kauawa na mfalme ambaye ni ndugu yake wa damu, mtoto kaachwa Oakland, Marekani, anarudi anauliza Wakanda mlikuwa wapi watu weusi wakiteseka dunia nzima. Na T'Challa hakuwa na jibu! Mpaka mwisho anaenda kufungua kituo Oakland kulekule, yaani adui kashindwa ngumi kashinda hoja. Hapa mtaani mabishano ya nani alikuwa na haki yaliendelea mpaka leo hayajaisha. Na huyo ndo wanamuua akiangalia jua linazama. Humohumo kwenye muvi hiyohiyo wameshamuua Klaue, adui wa Panther tangu miaka ya sitini. Wawili kwa mpigo mmoja. Matokeo yake 2022 ikabidi Shuri, dada yake T'Challa, anywe dawa akutane na Killmonger upande wa pili kwa dakika chache, na kwangu mimi zile dakika zilikuwa na moto kuliko vita yote ya baharini.

Wenyewe wanajua wanakosea. Mwaka 2021 Spider-Man akaletewa Green Goblin aliyekufa 2002 na Doctor Octopus aliyezama 2004, wakafungua mpaka malimwengu mengine kuwatafuta watu ambao wangeweza tu kuwaacha jela. Zemo, adui wa Captain America ambaye T'Challa alimzuia asijiue 2016, miaka mitano baadaye karudi na kucheza muziki sekunde chache klabu na watu wakapagawa mpaka Marvel wakatoa video ya saa nzima anacheza tu. Kingpin, adui wa Daredevil, wa Vincent D'Onofrio tangu 2015 yupo, na 2025 akawa mpaka meya wa New York. Ila Gorr, adui wa Thor, wamemchukua Christian Bale mzima, wamempaka weupe mwili mzima, muvi moja, kafa.

Najua mtaniambia mwigizaji mkubwa ni ghali na hasaini muvi sita, sawa. Na mtasema kwenye komiki imezidi, Joker kamuua Robin wa pili, msaidizi wa Batman, Jason Todd, 1988, tena wasomaji walipiga kura kwa simu afe, na Batman mpaka leo anamrudisha Joker Arkham, hospitali ya wahalifu vichaa, atoroke tena. Hiyo hoja ina nguvu, mimi pia inanikera. Ila kukereka na Joker miaka thelathini ni bora kuliko kumsahau Malekith, adui wa Thor kwenye muvi moja, wiki inayofuata.

Ninayemuogopea sasa ni Doom, adui wa Fantastic Four. Yupo tangu 1962, mfalme wa Latveria, mtu anayeamini kabisa dunia ingenyooka akiachiwa yeye. Kwenye muvi za Fantastic Four za 2005, 2007 na 2015 wamemharibu, na sasa wamempa Robert Downey Jr., Desemba 2026. Mpeni muvi nne, tano, ashinde hata mbili. Na jamani, ile barakoa asiivue, najua mmelipa hela nyingi kwa ajili ya ile sura lakini asiivue.